Eugenie Clark na Papa: Maisha ya Mwanabiolojia Aliyedai Ushahidi



Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii hutuonya tusipuuze minong'ono, kwa kuwa mara nyingi nyuma ya maneno ya watu kuna jambo. Hata hivyo, kila methali ina mipaka yake. Yapo mambo yaliyosemwa kwa vizazi vingi, yakarudiwa na wasomi, yakaandikwa hata vitabuni, na bado hayakuwa kweli.

Leo ninakuletea historia ya Eugenie Clark, mwanabiolojia wa bahari kutoka Marekani, ambaye kwa zaidi ya miaka 60 alichunguza maisha ya samaki, hasa papa. Alipoanza kazi yake, mambo mawili yalisemwa na kuaminiwa na wengi. La kwanza lilimhusu papa: kwamba ni mnyama mpumbavu, mla watu, asiye na akili ya kujifunza lolote. La pili lilimhusu Clark mwenyewe: kwamba mwanamke hafai kupewa nafasi katika utafiti wa bahari. Yote mawili yalishindwa kwa njia moja, nayo ni ushahidi uliokusanywa kwa subira. Kwa sababu hiyo nimeona historia hii inafaa kusomwa katika somo la uraia, na si katika somo la sayansi peke yake.

Neno "papa"

Kabla ya kuendelea, tulitazame neno lenyewe, maana linaweza kuwachanganya wengi wenu. Hapa kwetu Burundi, na vilevile kwa majirani zetu wa Kongo, mtoto humwita baba yake "papa" kwa athari ya Kifaransa. Katika Kiswahili sanifu, Papa kwa herufi kubwa ni kiongozi wa Kanisa Katoliki duniani, na papa kwa herufi ndogo ni samaki wa baharini ambaye mwili wake hauna mifupa migumu. Umejengwa kwa gegedu, yaani kitu kile laini unachokigusa kwenye sikio lako. Neno hili halibadiliki katika umoja na wingi, lakini kwa kuwa linataja kiumbe hai, hufuata upatanisho wa ngeli ya A-WA. Tunasema "papa mmoja anaogelea" na "papa wengi wanaogelea."

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanamfahamu papa kwa muda mrefu, na lugha yao inashuhudia hilo. Wanamtaja mbingusi, ambaye kichwa chake kimetanuka kama nyundo. Wanamtaja papa potwe, mkubwa kuliko samaki wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni. Kwa sababu ya madoa hayo wengine humwita papa shilingi. Mafuta yatokanayo na maini ya papa huitwa sifa, na mabaharia waliyapaka kwenye mbao za majahazi ili kuzilinda na maji ya chumvi. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika hatuna papa. Tuna mukeke, ndagala na sangala, na mnyama wa majini tunayemwogopa ni mamba.

Msichana mbele ya kioo

Eugenie Clark alizaliwa tarehe 4 Mei 1922 katika jiji la New York. Baba yake alikuwa Mmarekani na mama yake, Yumico, alikuwa na asili ya Kijapani. Baba alifariki Eugenie akiwa bado hajatimiza miaka miwili, na mama akalazimika kufanya kazi ili kuilea familia. Siku za Jumamosi mama alipokuwa kazini, alimwacha binti yake katika jumba la maonyesho ya samaki hai lililokuwa karibu, kwenye ncha ya kusini ya jiji. Msichana huyo wa miaka tisa alisimama mbele ya vioo kwa saa nyingi, akiwatazama samaki wakubwa wakizunguka, na akaanza kuwaza siku moja awe pamoja nao majini.

Tazama, msomaji, jinsi jambo dogo linavyoweza kumwelekeza mtoto. Jumba lile lilikuwa mahali pa umma, na mtoto wa mjane mwenye kipato kidogo aliweza kulitumia kama shule yake. Muda si mrefu nyumbani kwao kukajaa samaki, mijusi na nyoka wadogo, na Eugenie akajiunga na chama cha wafugaji wa samaki akiwa mdogo kuliko wanachama wote. Huko alijifunza kuandika kumbukumbu: jina la kila samaki, alikotoka, alichokula na siku aliyokufa. Tabia hiyo ya kuandika aliyoyaona, kabla ya kusema anachofikiri, ilidumu naye hadi uzeeni.

Milango iliyofungwa

Mwaka 1942 Clark alihitimu shahada ya kwanza ya zoolojia katika chuo cha Hunter, New York. Wakati huo Marekani ilikuwa vitani na Japani, na mtu mwenye asili ya Kijapani alitazamwa kwa mashaka hata kama alizaliwa Marekani na hakujua nchi nyingine. Clark alifanya kazi ya ukemia kiwandani, huku akitafuta nafasi ya kuendelea na masomo.

Alipoomba kusoma shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Columbia, alielezwa na mhusika kwamba akikubaliwa ataishia kuolewa na kuzaa watoto, na chuo kitakuwa kimepoteza muda na fedha zake bure. Zingatia hoja hiyo. Hakuna aliyesema kwamba alama zake ni duni, wala kwamba hana bidii. Alihukumiwa kwa jambo ambalo hakuwa amelifanya, kwa sababu tu alikuwa mwanamke. Clark hakukaa kulalamika. Alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha New York, akapata shahada ya uzamili mwaka 1946 na ya uzamivu mwaka 1950. Kama kwa kejeli ya historia, baadaye aliolewa kweli na akazaa watoto wanne, na katika miaka hiyohiyo ya kulea alifanya baadhi ya tafiti zake mashuhuri.

Mlango wa pili ulifungwa mwaka 1947. Idara ya serikali ya Marekani ilimwajiri kwenda Ufilipino kuchunguza samaki. Alipofika Hawaii njiani, alizuiliwa ili uchunguzi ufanywe juu yake, kisa kikiwa asili yake ya Kijapani, ingawa vita vilikuwa vimekwisha. Alisubiri na kusubiri, hatimaye akajiuzulu, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanamume. Hata hivyo, muda wa kusubiri hakuuacha upite hivi hivi. Alizamia katika maji ya Hawaii na kuwachunguza bunju, wale samaki wenye sumu ambao hujivimbisha wakitishwa.

Miaka miwili baadaye alipata nafasi ya kwenda visiwa vya Mikronesia katika Bahari ya Pasifiki. Katika visiwa vya Palau alikutana na Siakong, mvuvi hodari wa kutumia mkuki chini ya maji, aliyeweza kuzama kwa pumzi moja na kurudi na samaki. Huyu mvuvi hakuwa na shahada yoyote, lakini Clark alikuwa mwanafunzi wake. Kutoka kwake alijifunza samaki gani hujificha wapi, yupi ni mkali na yupi ni mpole. Jambo hili litajitokeza tena katika maisha yake: mara nyingi mwalimu wa mwanasayansi huyu alikuwa mvuvi.

Chumba kimoja cha mbao

Mwaka 1951 Clark alikwenda Misri kwa ufadhili wa masomo wa Fulbright. Alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Ghardaqa, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, ambako alikusanya karibu aina 300 za samaki, baadhi yao wakiwa hawajawahi kuandikwa na wanasayansi. Safari zake za Pasifiki na Misri alizisimulia katika kitabu Lady with a Spear, yaani "Mwanamke mwenye mkuki," kilichotoka mwaka 1953. Kitabu kilipendwa sana na kikatafsiriwa katika lugha kadhaa.

Miongoni mwa waliokisoma walikuwa Anne na William Vanderbilt, watu wenye mali waliokuwa na ardhi katika jimbo la Florida. Walimwalika Clark azungumze na wenyeji, kisha wakamwomba aanzishe maabara ya bahari. Mnamo Januari 1955 maabara ya Cape Haze ilifunguliwa. Usidhani lilikuwa jumba la fahari: ilikuwa banda la mbao lenye chumba kimoja, gati na mashua. Mkurugenzi na mtafiti alikuwa Clark peke yake, na msaidizi wake alikuwa Beryl Chadwick, mvuvi wa eneo hilo aliyeyajua maji yale vizuri sana.

Mara tu baada ya kufika, Clark alipigiwa simu na daktari mmoja mtafiti aliyehitaji maini ya papa kwa uchunguzi wa kitabibu. Clark alimuuliza Chadwick kama anaweza kuwavua papa. Chadwick alijibu kwamba anaweza, na akafanya hivyo. Hivyo ndivyo papa walivyoingia katika maisha ya Clark: kwa njia ya maini yao, yaleyale ambayo mabaharia wa pwani yetu waliyakamua sifa. Lakini kadiri alivyowapasua papa waliokufa, ndivyo alivyotamani kuwajua walio hai. Akawafuga ndani ya uzio mkubwa uliojengwa kando ya gati.

Papa waliogonga kengele

Mnamo mwaka 1958 Clark alianza jaribio lililolibadilisha jina la papa katika sayansi. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba papa huongozwa na harufu na njaa tu, na kwamba hana uwezo wa kujifunza. Clark aliwachukua papa wawili wakubwa wa aina ya limau, walioitwa hivyo kwa sababu ya rangi yao ya manjano iliyofifia, dume na jike. Akatumbukiza majini ubao wa mraba uliopakwa rangi nyeupe. Papa akiugusa ubao kwa pua yake, kengele hulia na chakula hutolewa.

Mwanzoni chakula kilining'inizwa mbele ya ubao wenyewe, hata papa akaugusa akikifuata. Baadaye ubao ukatumbukizwa mtupu. Baada ya wiki chache za mazoezi ya kila siku, papa walikuja wenyewe, wakausukuma ubao, wakaisikia kengele, wakageuka kuchukua chakula chao. Kisha Clark akaanza kukitupa chakula mbali na ubao, na wao wakajifunza kwamba kwanza ni kugusa, halafu ni kuogelea kwenda kula.

Msimu wa baridi ulipofika, maji yalipoa na papa wakaacha kula, hivyo mazoezi yakasimama kwa takriban wiki kumi. Joto liliporudi, ubao ulitumbukizwa tena. Papa hawakuwa wamesahau. Mnyama aliyedaiwa kuwa mpumbavu alikuwa ameitunza kumbukumbu yake kwa zaidi ya miezi miwili. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 1959 katika jarida la Science, na kuanzia hapo hakuna mtafiti makini aliyeweza kusema kwamba papa hawezi kujifunza.

Linganisha sasa hukumu mbili. Papa walihukumiwa kuwa hawana akili kabla ya yeyote kuwapa mtihani. Clark naye alihukumiwa kuwa hatadumu katika sayansi kabla ya kupewa nafasi. Waliotoa hukumu hizo hawakuwa wajinga. Wengi wao walikuwa wasomi. Walichokosa ni jambo moja tu, nalo ni kuuliza: je, tumelijuaje hili? Nani amelipima?

Mwaka 1965 Clark alialikwa Japani kukutana na Mwanamfalme Akihito, ambaye naye ni mtafiti wa samaki. Zawadi aliyombebea ilikuwa papa mchanga aliyefundishwa kugusa ubao. Taifa la asili ya mama yake, ambalo kwa ajili yake alizuiliwa safarini miaka 18 iliyopita, lilimpokea kwa heshima. Maabara ya Cape Haze nayo ilikua, ikahamishiwa karibu na mji wa Sarasota, na mwaka 1967 ikapewa jina la mfadhili wake William Mote. Leo ni taasisi kubwa ya utafiti. Clark mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1968 na kufundisha huko hadi alipostaafu rasmi mwaka 1992.

Mapango ya papa waliolala

Jambo jingine lililorudiwa vitabuni ni kwamba papa lazima aogelee bila kukoma; akisimama, maji hayatapita katika matamvua yake, naye atakosa hewa na kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, habari zilimfikia Clark kutoka Isla Mujeres, kisiwa kidogo cha Meksiko. Mvuvi mmoja wa kisiwani, katika kuzamia kwake, alikuwa amewakuta papa wamelala ndani ya mapango ya chini ya bahari. Mpigapicha Ramón Bravo alizithibitisha habari hizo kwa picha zake.

Clark angeweza kusema kwamba mvuvi ameota. Badala yake alikwenda kuona. Akiwa na wanafunzi wake, aliingia katika mapango yale na kuwakuta papa wakubwa wametulia sakafuni, macho yao yakimfuata, matamvua yakifunguka na kufunga. Walikuwa wakiyasukuma maji wenyewe bila kuogelea. Kisha akauliza swali la pili: kwa nini hapa, na si kwingineko? Alipima maji akagundua kwamba ndani ya mapango chumvi ilikuwa kidogo kuliko baharini, kwa sababu maji baridi yalipenya kutoka chini ya ardhi, na kwamba hewa ya oksijeni ilikuwa nyingi. Alidhani kwamba maji hayo huwalegeza wadudu wanaoing'ang'ania ngozi ya papa, kisha chazo, yule samaki mdogo anayejibandika kwa papa, huwala wadudu hao kwa urahisi. Kwa maneno mengine, papa huenda walifika pale kusafishwa.

Angalia uangalifu wa lugha katika sayansi. Kwamba papa walikuwa wametulia na wakipumua, hilo lilionekana na likapigwa picha. Kwamba walikuja kusafishwa, hilo lilikuwa dhana yake, naye aliliita dhana. Raia mwema pia hutofautisha "nimeona," "nimesikia" na "nadhani." Kiswahili kimetupa vitenzi vitatu tofauti, tusivitumie kana kwamba ni kimoja.

Kutoka maarifa hadi sheria

Clark aliipenda Bahari ya Shamu na aliirudia mara nyingi. Ndiko alikochunguza samaki bapa wa jamii ya gayogayo ambaye Waebrania humhusisha na Nabii Musa: husimuliwa kwamba bahari ilipogawanyika, samaki huyo alikuwa katikati, akapasuliwa pande mbili. Clark alipomshika aliona majimaji meupe kama maziwa yakimtoka kwenye mapezi, na vidole vyake vikapata ganzi. Katika majaribio aliyoyafanya baadaye, papa aliyejaribu kumuuma samaki huyo alibaki na kinywa wazi, asiweze kukifunga, akakimbia. Wengi walitumaini kwamba majimaji hayo yangegeuzwa dawa ya kuwafukuza papa, lakini haikuwa rahisi kuyahifadhi yasiharibike, na matumaini hayo hayakutimia kama ilivyotarajiwa.

Kusini kabisa mwa rasi ya Sinai, mahali paitwapo Ras Muhammad, kuna miamba ya matumbawe iliyojaa samaki wa kila rangi. Clark alizamia hapo mara nyingi. Sinai ilitekwa na Israeli katika vita vya mwaka 1967, na ikarejeshwa kwa Misri hatua kwa hatua hadi mwaka 1982. Wavuvi, wazamiaji na watalii walikuwa wakiongezeka, na matumbawe yalianza kuumia. Clark alikuwa miongoni mwa wanasayansi walioisihi serikali ya Misri ipalinde mahali hapo. Mwaka 1983 Misri ilitunga sheria ya maeneo yanayohifadhiwa, na Ras Muhammad ikawa hifadhi ya taifa.

Somo la uraia hapa ni wazi. Utafiti peke yake haulindi kitu. Hukaa ndani ya jarida mpaka atokee mtu wa kuubeba hadi kwa wenye mamlaka, na mpaka wenye mamlaka wautungie sheria. Mtafiti, raia na mbunge ni kama mafiga matatu; likiondolewa moja, chungu huanguka.

Filamu ya mwaka 1975

Kazi yote hiyo ya subira ilikutana na upepo mkali. Mwaka 1974 mwandishi Peter Benchley alitoa riwaya iitwayo Jaws, na mwaka uliofuata ikafanywa filamu. Ilimwonyesha papa mkubwa anayewawinda watu kwa makusudi, kana kwamba ana kisasi. Mamilioni ya watu waliitazama, na wengi wao, ambao hawakuwahi kumwona papa hata mmoja, walitoka wakiwa wanamjua kwa hofu.

Clark alijibu kwa kalamu na kwa kuzungumza kila mahali alipoalikwa. Hakudai kwamba papa ni kondoo. Alieleza kwamba zipo aina nyingi, ambazo leo tunajua zinazidi 500, na kwamba ni chache sana zinazoweza kumdhuru mtu. Kila mwaka, duniani kote, watu wanaouawa na papa kwa kawaida hawafiki 10. Kwa upande mwingine, wanasayansi wamekadiria kwamba binadamu huua papa wapatao milioni 100 kwa mwaka mmoja, wengi wao kwa ajili ya mapezi na nyama, au kwa kunaswa katika nyavu zilizotegwa kwa samaki wengine. Benchley mwenyewe, alipoyaelewa hayo, alijuta na kuitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutetea uhifadhi wa papa.

Hasara ni kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na jamaa zao wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Papa hukua polepole na huzaa watoto wachache, kwa hiyo wakivuliwa kupita kiasi huchukua miaka mingi kurudi. Na kwa kuwa ni wawindaji wa juu, kutoweka kwao huvuruga mpangilio wa samaki wengine wote, ambao ni chakula na kipato cha watu wa pwani.

Clark hakuacha kuzamia. Alishuka baharini kwa nyambizi ndogo za utafiti zaidi ya mara 70, na mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 92, alikuwa bado anazamia katika Visiwa vya Solomon. Alifariki Sarasota tarehe 25 Februari 2015. Mwaka 2018 wanasayansi waliitambua aina mpya ya papa mdogo wa Ghuba ya Meksiko, wakaipa jina la kisayansi Squalus clarkae, kwa heshima yake.

Yanatuhusu nini sisi wa ziwani?

Huenda unajiuliza, mpenzi msomaji, papa wa Florida anamhusu vipi kijana wa Bujumbura au Rumonge. Nitakujibu kwa mambo matatu.

Kwanza, sisi pia tuna mnyama wetu wa hofu. Nani hajasikia habari za Gustave, yule mamba mkubwa wa Ruzizi? Idadi ya watu anaodaiwa kuwaua hutofautiana kutoka msimulizi mmoja hadi mwingine. Mamba ni hatari ya kweli, na familia zilizopoteza ndugu zao zinalijua hilo kuliko mimi. Lakini hatari ya kweli huhitaji maarifa ya kweli: mamba hupatikana wapi, saa ngapi, msimu gani, na akina mama wachote maji wapi kwa usalama. Hadithi inayokua kila siku humwogopesha mtu bila kumlinda.

Pili, majirani zetu wa Tanzania wana papa potwe katika maji ya kisiwa cha Mafia, karibu na mji wa Kilindoni. Samaki huyu mkubwa hula viumbe vidogo vidogo vya majini na hana madhara kwa mtu. Watafiti wamegundua kwamba wengi wao hawahami. Hukaa katika eneo hilo mwaka mzima. Wageni husafiri kwenda kuwaona, na wenyeji hupata kipato kwa kuwapeleka kwa mashua. Papa aliye hai ana faida ya miaka mingi. Aliyekufa huuzwa mara moja tu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, hukumu isiyo na ushahidi huwaumiza watu kama inavyowaumiza wanyama. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, kabila au asili. Unampa kila mtu haki ya elimu, na unayapa mataifa haki ya mazingira yanayofaa kwa maendeleo yao. Ukimsikia mtu akisema kwamba msichana fulani asipoteze muda na fizikia kwa kuwa ataolewa, kumbuka aliyoambiwa Clark. Ukisikia kwamba watu wa kabila fulani, mtaa fulani au nchi fulani wote wako hivi au vile, uliza maswali yake: nani amepima? Amepima wangapi? Ameona, amesikia, au anadhani?

Sisi Warundi tunajua gharama ya maneno yanayosemwa juu ya kundi zima la watu bila kupimwa. Kwa hiyo usiione habari ya ubao mweupe na kengele kuwa mchezo wa kitoto. Mtu mmoja alikataa kuamini lisemwalo mpaka alione, akaliandika alivyoliona, na akawaonyesha wengine. Uwezo huo kila mwanafunzi anao, awe ameiona bahari au hajaiona.

Msamiati

*Gegedu*: sehemu laini ya mwili iliyo kama mfupa usiokomaa.
*Matamvua*: viungo vya samaki vya kuvutia hewa kutoka majini.
*Mapezi*: viungo vya samaki vya kuogelea.
*Matumbawe*: mawe ya baharini yaliyojengwa na viumbe wadogo sana.
*Kuzamia*: kuingia chini ya maji kwa kukusudia.
*Nyambizi*: chombo kinachosafiri chini ya maji.
*Ganzi*: hali ya kiungo kukosa hisia.
*Dhana*: wazo ambalo bado halijathibitishwa.

Maswali ya kujadili

1. Eleza milango miwili iliyofungwa mbele ya Clark. Kila mmoja ulifungwa kwa sababu gani, na alifanya nini baada yake?
2. Katika jaribio la papa na ubao, kwa nini wiki kumi za baridi zilikuwa muhimu kwa ushahidi?
3. Taja jambo moja linalosemwa sana katika mtaa wenu. Ungelipimaje kabla ya kuliamini?
4. Tunga sentensi tatu kuhusu samaki wa ziwa letu: moja ikianza na "Nimeona," ya pili "Nimesikia," na ya tatu "Nadhani."
5. "Lisemwalo lipo." Andika insha ya maneno 300 ukiunga mkono au ukipinga methali hii, kwa kutumia mifano kutoka makala haya na kutoka maisha yako.